Mtihani Nilioufanya Bila Kuiuliza Shule

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, na mkononi nina karatasi ya matokeo, matokeo mazuri kabisa. Mtu mzima mmoja akaniuliza swali moja tu, nami nikamkasirikia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Juzi ulinipigia simu ukaniuliza ufanye mtihani gani ili uingie shule ya udaktari wa miguu. Nilikwambia subiri, nitakuandikia. Usinielewe vibaya. Jibu lenyewe ni fupi, lakini nikikupa peke yake utalisahau kabla hujafungua kitabu. Mimi nimelijua kwa aibu, kwa hiyo nitakueleza na aibu yenyewe.

Wewe unamjua Shangazi Saumu wa leo, mwenye koti jeupe na mvi zilizojaa mbele, wa kliniki ya miguu hapa Jeddah. Hukunijua nilipokuwa shaghala, yaani mfanyakazi wa ndani. Nilitoka Kwale na shahada ya biolojia. Miaka miwili niliitembeza ile shahada ndani ya bahasha ya kaki, ofisi hii na ile, mpaka bahasha ikachanika pembe zote nne. Ajenti aliponiambia kuna nyumba Riyadh inataka msichana, sikuuliza mara mbili. Nilipofika, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, tulimwita Baba Fahd na mkewe tukamwita Madam. Nilipewa jiko, nikapewa vyumba sita vya kusafisha, na mwezi wa pili nikakabidhiwa mama yake Baba Fahd, ambaye nyumba nzima ilimwita Hajja.

Hajja alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kusoma, na mwenye kuujua ukoo wake wote hadi babu wa kumi. Watoto na wajukuu wakiingia humbusu kichwani, wakakaa, wakanywa kahawa, wakaondoka. Jioni moja nilikuwa namvua soksi ili nimwoshe miguu, nikaona soksi imeganda kwa damu. Kuigeuza, nikakuta pini ya mtandio imemwingia unyayoni, imezama hadi kichwa. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi. Nilipomwonyesha alicheka, akasema mafi mushkila, hakuna shida, haimuumi. Mwanangu, hapo ndipo niliposhtuka. Pini imezama mwilini na mwenyewe hana habari!

Nilimwambia Madam kwamba mguu huu ni wa hospitali, leo, sio kesho. Walimpeleka, na mimi nikaenda kumshika mkono. Aliyetupokea alikuwa daktari wa miguu, mwanamke, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuanzia kifundo kwenda chini. Alimsafisha Hajja taratibu huku akinieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye ningebaki na kidonda kile nyumbani. Nilimuuliza kuhusu mishipa, nikamuuliza vijidudu gani vinapenda majeraha ya namna ile. Akaweka mkasi chini akaniangalia. Akataka kujua nilisoma wapi. Nilipomwambia nina shahada, aliniambia kwamba ipo shule ya kazi yake, miaka minne baada ya shahada ya kwanza, na kwamba mlangoni mwake kuna mtihani. Nikarudi nyumbani nimebeba kopo la dawa na wazo ambalo halikuniacha nilale vizuri wiki nzima.

Sasa sikiliza mitihani yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu hadi leo haijabadilika sana. Upo mtihani wa udaktari: biolojia, kemia, fizikia, tabia za watu, na kusoma kwa kuelewa. Unakula karibu siku nzima. Halafu upo mtihani wa jumla wa wanaotaka kuendelea baada ya shahada ya kwanza: lugha, hesabu, na insha. Huo ni mfupi, na huna haja ya kukumbuka kemia hata chembe. Shule za miguu nyingi hutaka ule wa kwanza. Baadhi huukubali na wa pili, kila moja kwa masharti yake.

Hayo ninayokwambia leo kwa mpango, wakati ule niliyajua nusunusu. Ijumaa alasiri nilikuwa na ruhusa, na Wakenya tulikutana kwenye chumba cha mmoja wetu hapo hapo Al-Suwaidi. Tulipika, tukasukana, tukazungumza habari za ikama, vile vibali vyetu vya kukaa, na za nyumbani. Nilipowatajia mitihani miwili, wote walisema kwa sauti moja: fanya ule wa jumla. Mmoja alikuwa na binamu aliyeufanya akaenda ng'ambo, ingawa kwa kweli binamu huyo alikwenda kusomea biashara. Mwingine alisoma kwenye simu yake kwamba siku hizi shule zote zinaukubali. Na mimi, mwanangu, tangu kidato cha tatu nilikuwa naiogopa fizikia kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemuuma utotoni. Niliambiwa nilichotaka kuambiwa. Sikutafuta tena.

Nilisoma miezi mitatu. Nilibandika maneno magumu ya Kiingereza kwenye kabati la jikoni mpaka Madam akaniuliza kama ni majina ya viungo. Nilifanya mtihani huo palepale Riyadh na nikaupasua. Marafiki wa Ijumaa walinipikia pilau, wakanivisha kitambaa kichwani kama bibi harusi. Nilijiona nimefika.

Dereva wa nyumba ile aliitwa Odera, mtu wa Siaya, lakini hakuna aliyemwita jina hilo. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha fizikia na hesabu shule ya sekondari kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuja kuendesha gari la watu. Alikuwa mtu wa maneno machache, shati limepigwa pasi hata siku ya joto kali. Jumamosi ile tulikuwa tumempeleka Hajja kwa dada yake na tunamsubiri nje. Nikatoa karatasi yangu nikampa mbele, nikingoja kusifiwa.

Alivaa miwani. Aliisoma juu hadi chini, akarudia. Akanirudishia.

"Saumu, shule unayoitaka imesemaje?"

Nikamwambia kila mtu anasema mtihani huu unakubalika.

"Sikukuuliza kila mtu. Nimekuuliza shule."

Niliikunja karatasi yangu. Kwa kweli nilikasirika. Nilijisemea moyoni kwamba huyu mzee ana wivu, ameona msichana wa jikoni amepita. Yeye alikuwa anaangalia mbele, mikono juu ya usukani, akasema polepole:

"Nimesahihisha karatasi miaka mingi, binti yangu. Unampata mtoto amejibu vizuri sana swali ambalo halikuulizwa. Kumwekea sifuri huyo kunauma kuliko wote, kwa sababu unaona kabisa kwamba ana akili."

Akavua miwani. Hajja alitoka, tukaenda zetu.

Siku hiyohiyo niliziandikia shule tatu nilizokuwa nazitamani. Nilipaswa kuziandikia miezi minne nyuma, na barua yenyewe ilikuwa mistari mitano. Majibu yalikuja ndani ya wiki mbili. Ya kwanza ilisema inapokea mtihani wa udaktari tu. Ya pili ilisema hivyohivyo, kwa adabu zaidi. Ya tatu iliukubali mtihani wa jumla, lakini kwa mwombaji mwenye alama za juu za kemia na fizikia katika shahada yake, na alama zangu za masomo hayo zilikuwa za kupita tu. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, na hayakuwa na pa kwenda. Niliingia chumba cha kufulia, nikawasha mashine ili nisisikike, nikalia.

Nilikaa siku kadhaa bila kumwangalia Mwalimu usoni. Aibu ya kukosea ilikuwa kubwa, lakini aibu ya kukosea mbele ya mtu niliyemwita mwenye wivu ilikuwa kubwa zaidi, hata kama hakujua. Mwishowe nilimwambia. Hakusema, "Nilikuambia." Aliniuliza kitu gani hasa kilinifanya niukimbie mtihani wa udaktari, nikamjibu ni fizikia. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwona akicheka.

"Mwalimu wa fizikia anakuendesha kila siku," alisema, "na wewe umekaa nyuma unaangalia maduka."

Basi hapo tukaanza. Mwaka mzima, kila safari ya sokoni, ya hospitali, ya shule ya watoto, gari lile lilikuwa darasa. Mwalimu hakuanza na vitabu. Alianza na mguu wa Hajja. Aliniuliza kwa nini sugu imekaa chini ya kidole gumba na si katikati ya unyayo, nikafikiri, na hapo nikajifunza mgandamizo: uzito uleule ukikaa juu ya eneo dogo unauma zaidi. Aliniuliza mtu akisimama kwa ncha za vidole msuli wa nyuma unavuta kwa nguvu kiasi gani, nikajifunza wenzo. Kitu nilichokiogopa tangu kidato cha tatu kilikuwa kinakaa ndani ya soksi niliyoivua kila jioni.

Hajja, aliyekuwa kiti cha nyuma pamoja nami, hakujua Kiswahili, na alidhani tunagombana. Nilimweleza kwa Kiarabu changu kilichovunjika kwamba najifunza ili niwe kama yule daktari wake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijampa chai, aliniuliza kama nimesoma. Nikisema sijasoma, chai alikuwa haipokei.

Lakini nyumba ina wenyewe. Madam alianza kulalamika kwamba akili yangu haiko kwenye kazi, na sitamlaumu, kwa maana niliwahi kuunguza wali mara mbili wiki moja. Kisha tukapata taarifa kwamba nafasi ya mtihani wa udaktari iliyobaki ilikuwa Jeddah. Baba Fahd alipoombwa ruhusa alikataa. Aliogopa kwamba nikishafika Jeddah nitatoroka, nipotelee mtaa wa Ghulail kama walivyopotea wengine, na yeye kama kafili aulizwe. Alisema halas, mambo ya mtihani yaishe. Nilisimama mlangoni na sinia la kahawa, siwezi kuingia, siwezi kuondoka.

Hajja aliweka kikombe chini.

"Huyu ndiye aliyeuona mguu wangu," alimwambia mwanawe. "Nyinyi watoto wangu mlikuwa mkinibusu kichwani tu."

Baba Fahd alikuwa mtu mwenye hasira za haraka, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliinama akaiangalia miguu ya mama yake, ndani ya soksi nyeupe nilizomvalisha mimi. Hajja akasema atakwenda Jeddah mwenyewe kumwona binti yake aliyeolewa huko, na kwamba hawezi kusafiri bila mtu wa kumwangalia miguu. Yalla, ruhusa ikapatikana hapohapo.

Tulisafiri sisi watatu, Mwalimu akiendesha, jangwa huku na huku. Kila tuliposimama nilimvua Hajja viatu nikampapasa nyayo kuona kama zina joto, kisha nikarudi kwenye daftari langu la kemia. Jeddah tulimfikisha kwa binti yake. Siku ya mtihani Mwalimu alinishusha mlangoni asubuhi na mapema, akanipa chupa ya maji. Nilitegemea hotuba. Aliniambia nisome kila swali mara mbili, basi.

Ulikuwa mtihani mrefu kuliko siku zote nilizowahi kuishi. Kemia ilinipiga, sitakudanganya. Lakini kwenye fizikia nilikuta swali la nguvu inayopita kwenye kifundo cha mguu, na nikatabasamu peke yangu mbele ya kompyuta mpaka msimamizi akanitazama. Nilipotoka alasiri, nilimkuta Hajja ndani ya gari. Alikuwa amemlazimisha Mwalimu amlete tangu adhuhuri, kiyoyozi kinavuma, tende zimefungwa kwenye leso magotini mwake. Hakuniuliza nimefaulu au sikufaulu. Aliniuliza kama nimekula.

Matokeo yalikuja kwenye simu nikiwa nakatakata vitunguu. Hayakuwa ya ajabu. Kemia ilikuwa ya kati, biolojia nzuri, na fizikia, mwanangu, fizikia ndiyo iliyokuwa juu ya zote. Nilitoka hadi kwenye gari na kisu bado mkononi. Mwalimu alisoma ile simu juu hadi chini, akarudia kama kawaida yake, halafu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Akaniambia nimemfurahisha. Nimepewa vyeti vingi tangu siku ile, na vyote nimevitundika, lakini kama ningeweza kutundika neno ukutani ningelitundika hilo.

Shule mbili kati ya zile tatu zilinipokea, na moja ikanipa ufadhili kwa ajili ya matokeo hayohayo. Nilisoma miaka yangu minne, nikafanya mazoezi ya hospitali, nikarudi. Safari hii nilikuja Jeddah, kwa hiari yangu. Wanaoingia chumbani kwangu sasa ni walinzi wanaosimama saa kumi na mbili mfululizo kwa viatu vya kubana, madereva wa Al-Hindawiyah waliokuwa hawajui kama wana kisukari, akina mama wa Ghulail wenye nyufa za visigino, na wasichana wa kazi za ndani waliowaleta Mahajja wao na kuuliza maswali mengi. Hao wasichana ndio ninaowajibu kwa urefu zaidi. Ninaposoma jina langu mlangoni, lile jina la baba yangu wa Kwale, na neno daktari limetangulia, najivuna. Sioni haya kukwambia. Nimelifanyia kazi.

Na usije ukadhani nakwambia mtihani mgumu ndio mtihani bora. Chumba cha pili baada ya changu yuko Daktari Wanjiru, mtu wa Nyeri. Yeye alifanya ule mtihani wa jumla, ule uleule ulionitia mimi aibu. Lakini aliiandikia shule yake kwanza, wakamwambia kwa maandishi kwamba wanaukubali, alama zake za sayansi zilikuwa nzuri, na alikuwa analea mtoto mchanga, hana mwaka mzima wa kujifungia. Alichagua sawasawa. Mgonjwa aliyeokolewa kidole hajawahi kumuuliza aliingia shule kwa mtihani gani. Kosa langu halikuwa kufanya mtihani mfupi. Nilichagua kwa hofu, na nikawauliza watu wasiokuwa na jibu.

Kwa hiyo mwanangu, fanya hivi. Kabla hujanunua kitabu chochote, andika majina ya shule unazozitaka kweli, halafu uziandikie mwenyewe, moja moja. Ziulize zinapokea mtihani gani, kwa masharti gani, na alama za mwaka gani bado zinafaa, maana matokeo nayo huchakaa. Jibu likija kwa mdomo, omba lije kwa maandishi. Ukikuta zote zinataka wa udaktari, hapo hakuna la kuchagua, kaa usome. Ukikuta zinapokea yote miwili, ndipo ujitazame: una nguvu wapi, una muda gani, na ni mtihani gani utakaokuachia milango mingi zaidi ikiwa mpango wa kwanza utavunjika. Na ukijikuta unaukwepa mmoja, jiulize unaukwepa kwa sababu gani. Ikiwa sababu ni kwamba haukufai, uache kwa amani. Ikiwa ni woga, tafuta mtu anayelijua somo hilo na umwombe. Watu wanaojua wako karibu nasi kuliko tunavyodhani, na wengi wanangoja tu kuombwa. Akikukemea, usikasirike kama mimi, au kasirika siku moja kisha umrudie.

Marafiki wasikilize kwa pilau na kwa faraja. Kwa masharti ya shule, isikilize shule.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe subira ya kuuliza na ujasiri wa kulipokea jibu. Akili zako zisichoke, mikono yako iwe myepesi juu ya maumivu ya watu. Uingie shule hiyo kichwa juu, utoke nayo ukiwa msaada kwa wasio na wa kuwatazama, na mama yako aishi akuone. Amina.